Kufuli Mbili kwenye Lango la Amakoro

Kufuli ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, ya kufungia kontena. Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa, bado ina kibandiko cha dukani. Zote mbili zilining'inia kwenye mnyororo mmoja, kwenye lango la uwanja wetu, asubuhi ya Jumatatu, na wachezaji wangu wamesimama nje na viatu mkononi kama watu waliofika arusini wakaambiwa bwana harusi ameghairi.

Sikuhitaji kuuliza ipi ni ya nani. Ile ya kontena ni ya Anastase, mdogo wake marehemu Mzee Straton, mwenye malori kule Mbugangari. Ile mpya ni ya Gentil, mkwe wa marehemu, mwenye hoteli ufukweni na mpenda vitu vipya. Anastase alifunga Jumapili baada ya misa ili Gentil asiingie. Gentil akaja jioni, akakuta kufuli, akaongeza ya kwake ili Anastase naye asiingie. Watu wazima hao, wenye wake na mvi.

Mimi naitwa Mukandori, kocha wa Amakoro, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Gisenyi. Kwenye karatasi wilaya ni Rubavu, lakini mpira tunauchezea Gisenyi. Nina hasira za karibu, na sijaona bado sababu ya kuzipeleka mbali. Nilizaliwa Ngara, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikarudi hapa msichana mkubwa na Kiswahili changu cha shule, ambacho wachezaji hukicheka mpaka leo. Nikipiga kelele, "Rudini nyuma mlinde!" wao huambizana, "Mwalimu wa Tanzania amesema turudini." Wacheke tu. Kurudi wanarudi.

Amakoro ni yale mawe meusi ambayo volkano iliyatapika na sisi tukayajengea nyumba. Ukuta wa uwanja wetu ni amakoro, viti vya watazamaji ni amakoro. Mzee Straton alitoa kiwanja nyuma ya nyumba yake, mji ukatoa mikono. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi za pamoja za mji, wavuvi walikuja, wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuja, na akina mama wanaovuka mpaka kila siku kwenda Goma nao walikuja, kila mtu na jiwe lake kichwani. Ndiyo maana mtu yeyote wa Gisenyi akiingia uwanjani hutazama kwanza ukuta, akitafuta la kwake. Tulianza tukiwa wasichana wa kuchekwa, tukapanda daraja, tukafika ligi kuu, wachezaji wakaanza kulipwa mshahara kwa kudunda mpira. Timu za Kigali zilipokuja mara ya kwanza zilituuliza choo kiko wapi. Mara ya pili zilituuliza tunafanya mazoezi gani.

Sasa Mzee alikuwa amekufa, na msimu haujaisha.

Shida ilitokana na mdomo wake, Mungu amrehemu. Kabla hajawa mtu wa mitumbwi Mzee Straton alikuwa mtu wa ng'ombe, mzaliwa wa Mudende kule juu, na vitu alivigawa kama ng'ombe wanavyogawiwa huko: kwa neno, mbele ya watu, bila karatasi. Anastase alisema kaka yake alimpa timu akiwa kitandani hospitalini. Gentil alisema baba mkwe alimpa timu siku ya harusi, mbele ya ukumbi mzima. Na wote wawili walikuwa wanasema kweli, hilo ndilo lililonichoma. Mzee akifurahi mkono wake ulifunguka, na alichokitoa ni kile alichokipenda kuliko vyote. Angekuwa anapenda kofia yake hivyo, leo tungekuwa tunagombania kofia.

Kila mmoja alikuwa na mipango. Anastase alitaka timu ihamie Kigali, kwenye wadhamini. Gentil alitaka ibaki, lakini iitwe jina la hoteli yake. Mmoja atuhamishe, mwingine atubatize upya. Shirikisho lilichoka na simu zao mbili, likatoa neno: hadi Ijumaa jioni ajitokeze mtu mmoja anayetambuliwa na familia kuwa ndiye anayeisimamia timu. Asipopatikana, nusu fainali ya Jumamosi wanapewa wageni wetu wa Kigali bila kutoka jasho, na jina la Amakoro linafutwa kwenye ligi.

Watu wakaanza kuniletea pole na ile methali ya tembo wawili wakipigana, nyasi huumia. Niliwaambia mimi si nyasi, watafute methali nyingine.

Tulifanya mazoezi kwenye soko la samaki. Usicheke. Pale pana sakafu ya saruji, na ikifika saa nne sambaza wote wameshauzwa au wameshapanda magari kwenda Mahoko. Akina mama wa soko walimwaga maji, wakasugua, wakapanga beseni pembeni ziwe mistari yetu ya uwanja. Mvuvi mmoja alifunga pete ya tairi ya baiskeli juu ya nguzo. Ilikuwa ndogo kuliko kikapu halali, nami nikasema afadhali, anayeingiza hapo ataingiza popote. Mpira ulinuka sambaza, mikono ilinuka sambaza, na mchezaji wetu mmoja kutoka Goma alisema akirudi nyumbani paka wa mtaa mzima wanamsindikiza.

Waliendelea kucheka, na mimi nikawaona wanavyocheka, na nikajivunia. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu ya Mutoni.

Mutoni ndiye nahodha. Alikuja kwetu kutoka Mudende akiwa mdogo kuliko wote, miguu mirefu, mikono iliyozoea ndoo za maziwa, hajui hata kufunga kamba za viatu vya michezo. Leo hakuna mwanamke nchini anayetupa mpira wa mbali kama yeye. Klabu moja ya Kigali ilikuwa imempigia simu. Wao walisema wanamngoja hadi Ijumaa, siku ile ile ya shirikisho, kana kwamba walipanga.

"Utakwenda?" nilimuuliza Jumatano, tukifuta mpira magamba.

"Kocha, mi sijajibu."

"Najua hujajibu. Nakuuliza utakwenda."

"Timu ikikufa, nitafanya nini? Nitarudi kukamua?" Alisema kwa upole.

Kisha akaenda mbali na ile nguzo, akatupa, mpira ukapita ndani ya ile pete ya baiskeli bila kuigusa, na wachezaji wote wakapiga ukelele wao: "Yampaye inka Straton!"

Hilo ni neno la zamani kwetu. Maana yake ni Straton alinipa ng'ombe. Watu wa hapa hutamka hivyo wakiapa au wakishangilia, wakimtaja aliyewapa, na wachezaji wangu walikuwa wakilitamka kwa kila mpira wa pointi tatu unaoingia. Mimi nililichukulia kama kelele za furaha. Sikuwahi kulisema. Kocha akianza kupiga kelele za wachezaji, kesho watamtuma maji.

Tulipogeuka, mama mmoja alikuwa amesimama pembeni na kikapu cha sambaza mkononi. Alikuwa Mama Kankindi, mjane wa Mzee Straton. Ni mwanamke mfupi, mkimya, aliyezaliwa Goma na kuolewa upande huu. Kinyarwanda ndicho cha nyumbani kwake, lakini akitaka kugombeza huvuka mpaka na kuingia Kiswahili cha kwao.

"Tangu Jumatatu sisikie hii sauti nyuma ya nyumba," alisema. "Nyumba imenyamaza sana, unasema nimefiwa mara ya pili. Kumbe muko hapa na samaki."

"Lango limefungwa, Mama," nikasema.

"Mi niko na macho, Mukandori. Kesho saa kumi mukuje kwangu, we na Mutoni. Na hao babili nitabaita."

Alipoingia Kiswahili cha Goma, nilijua kuna mtu atagombezwa. Nilitumaini si mimi.

Kesho yake tuliketi sebuleni kwake, chini ya picha ya Mzee aliyevaa fulana ya Amakoro juu ya koti, jinsi alivyopenda. Anastase alikuwa upande mmoja, ufunguo wake juu ya goti. Gentil upande wa pili, simu mkononi. Dirishani ulionekana ukuta mweusi wa uwanja na ubao wa kikapu ukichungulia juu yake.

"Shemeji," Anastase akaanza, "Straton alinipatia hii timu akiwa ku kitanda ya hopitali. Docteur iko shahidi."

"Na mi alinipatia mbele ya batu ya ndoa," Gentil akasema. "Video iko. Munataka nifungue?"

"Video ya mutu mwenye alikuwa amekunywa!"

"Afadhali huyo, kuliko mutu mwenye alikuwa na homa!"

"Nyamazeni," Mama Kankindi akasema, bila kupandisha sauti. "Bote munasema kweli. Straton aliwapatia. Mi nilikuwa pale ndoani, nilikuwa pale hopitali. Bon. Niko na ulizo moja tu. Kati yenu ni nani alikuja kukura ubwatsi?"

Anastase alishusha macho pale pale. Gentil aliangalia simu kana kwamba jibu litaingia kwa ujumbe.

Mimi nimekulia Ngara, kwa hiyo nieleze kama nilivyokuja kuelezwa. Mtu akikupa ng'ombe kwa neno, jambo halijaisha. Unarudi kwake na mtungi wa pombe, na watu wako, mbele ya mashahidi, unamshukuru. Yeye anaonja kwanza, kisha mnakunywa wote. Huko ndiko kukura ubwatsi. Asiyerudi kushukuru hana cha kudai. Ng'ombe bado yuko kwenye zizi la mwenyewe, na mwenyewe anaweza kumpa mwingine.

"Shemeji, ilikuwa hopitali," Anastase akasema polepole. "Pombe mu hopitali?"

"Alitoka hopitali akakaa nyumbani mwezi muzima. Ulikuja mara ngapi? Na ulikuja na nini? Ulikuja na avocat, mutu wa sheria."

"Na mi nilileta champagne," Gentil akasema.

"Champagne ya ndoa yako, we mwenyewe uliinywa. Nilikuhesabia kopo?"

Nilitamani kucheka, nikauma shavu.

"Sasa sikilizeni," Mama Kankindi akaendelea. "Kwa sheria ya Leta, ya serikali, mi njo mujane, vitu ya Straton viko mu mukono yangu. Ningeweza kusema tangu siku ya maziko. Nilinyamaza juu nilitaka kuona ni nani kati yenu atakuja kunishukuru mahali pa Straton. Hakuna. Munakuja kuuliza funguo. Munasema timu yangu, timu yangu. Sijasikia hata mumoja anamutaja mutu mwenye alimupatia." Akaelekeza kidole dirishani. "Lakini pombe iliingia mu hii nyumba. Mi njo nilikamata mitungi. Mutoni, sema."

Mutoni alikuwa ameinamisha kichwa. Alisimama kwa heshima, mikono mbele.

"Mama, ni siye tulileta. Ile wiki uwanja uliisha."

Hapo ndipo nilipokumbuka mitungi.

Siku uwanja ulipokamilika, Mzee Straton alisimama katikati ya saruji mbichi, akatutazama, kundi la wasichana waliovaa fulana za kuazima, akasema neno moja la Kinyarwanda: Ndabagabiye. Yaani, nimewagawia. Mimi nilidhani ni hotuba. Wazee husema mengi penye watu. Lakini juma lile lile Mutoni, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alipanda kwao Mudende akarudi na mama yake na mitungi ya pombe ya mtama, akawaambia wenzake kila mmoja ashike wake. Nilichukia. Mimi na pombe karibu na timu yangu ni kama mafuta na moto. Nilibeba mtungi wangu kwa uso uliokunjamana, kwa sababu sikutaka wasichana waende peke yao nyumbani kwa mtu na pombe. Mzee aliushika mrija, akaonja, macho yakamjaa maji, nami nikafikiri ni pombe kali.

"Huyu kocha alikataa murija," Mama Kankindi akasema, akinitazama. "Alikunywa Fanta. Nilikasirika. Straton akaniambia, muache, huyu ni wa Tanzania, siku moja ataelewa."

Sikuwa na pa kuficha uso. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba mtungi, nisijue nimebeba nini.

"Mutoni," nikamgeukia, na hasira yangu ilikuwa imepata pa kwenda, "wewe ulijua! Wiki nzima tunadunda mpira juu ya magamba na wewe unajua!"

"Nilijua, Kocha. Lakini mutu mwenye alipewa ngombe hasimame mbele ya mujane na kusema iko yangu. Anaendelea kushukuru. Siye tunashukuru kila siku, kila tatu ikiingia." Akamtazama Mama Kankindi. "Nilijua Mama anasikiaka."

"Ninasikiaka," Mama Kankindi akasema. "Mi ninapikaka nikihesabu. Siku mingine nasema, leo Mutoni amelala vibaya."

Nilimtazama msichana yule wa ndoo za maziwa, akiwa amesimama wima katika sebule ya watu wenye mali, na niseme wazi: sijawahi kumwonea fahari mtu vile, hata mwanangu ningekuwa naye.

Gentil aliinuka. "Pombe si sheria!" alisema. "Donc, nitaenda ku tribunal." Akatoka, ufunguo wake mfukoni.

Anastase hakuinuka. Aliuweka ufunguo wa ile kufuli ya kontena mezani, taratibu.

"Mi ninajua desturi," alisema. "Nilijua sikuleta pombe. Lakini ndugu yangu alikufa, nikafikiri kama nikishika timu yake, nitakuwa bado nimemushika." Akajifuta macho kwa kiganja, mtu mzima yule mwenye malori. Niliyemsema vibaya tangu Jumatatu nikamhurumia, na sikupenda kumhurumia.

Ijumaa Mama Kankindi alipanda basi la alfajiri hadi Kigali, akaketi kwenye ofisi za shirikisho na kitambaa chake cha msiba kichwani. Aliwaambia yeye ndiye mjane na msimamizi, na kwamba timu ilishatolewa, wenyewe ni wachezaji, wataunda koperative yao kama wauza samaki wanavyofanya. Walimuuliza kama ana hakika. Aliwajibu kwamba yeye alikunywa ile pombe, wao je? Jioni simu ikaja: mechi ipo.

Jioni ile ile Mutoni aliwapigia wale wa Kigali. Sikusikiliza, nilikuwa nakunja fulana karibu tu.

"Murakoze cyane," nilimsikia akiwashukuru, "lakini mi niko na ngombe nyumbani."

Ikabaki kufuli moja.

Jumamosi saa nane mchana lango lilikuwa limezungukwa na mji mzima. Gisenyi haina siri. Habari za sebule zilishafika Mudende, zikashuka Mahoko, zikavuka mpaka zikarudi na watu wa Goma wenye fulana zetu. Kufuli ya Anastase ilikuwa imefunguka, inaning'inia. Ile mpya ya Gentil iliwaka juani na kibandiko chake. Basi la wageni lilikuwa limeegeshwa, wachezaji wao wakichungulia madirishani. Mwamuzi alisema wazi: saa tisa lango likiwa limefungwa, ushindi ni wa wageni.

Wavuvi walikuja na nondo. Nami, kusema kweli, nilikuwa nimeshawapisha njia.

Mama Kankindi akaleta kiti chake cha jikoni, akakiweka mbele ya lango, akaketi. "Hakuna mutu anavunja mulango ya nyumba yangu," alisema. "Huyo ni mukwe. Atakuja."

"Na asipokuja?" nikamuuliza.

"Umuhoza iko kwake. Huyo nilimuzaa mi mwenyewe."

Umuhoza ni binti yake, mke wa Gentil. Sikuwa nimemfikiria kabisa, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu saa tisa zikikaribia watu wa nyuma walianza kupiga vigelegele na kugawanyika katikati. Mbele alikuwa Umuhoza, amevaa mshanana wake wa sherehe, anatembea bila haraka. Nyuma yake Gentil, suti ya bluu, viatu vya ngozi, na mtungi wa pombe ya mtama begani, jasho linamtoka. Alikuwa ameubeba kutoka ufukweni, akapita nao mbele ya wageni wa hoteli yake mwenyewe.

"Mbona kwa miguu, Gentil?" mtu akauliza. "Voiture imekufa?"

"Umuhoza alisema pombe ya kushukuru haipande voiture," akajibu. "Na nisipokuja, nilale hoteli."

"Si hoteli iko yako? Utateseka?"

Watu wakacheka, na Gentil, nimpe haki yake, akacheka nao. Akapiga goti, akautua mtungi mbele ya mama mkwe. Mama Kankindi akachukua mrija, akaonja bila haraka, wakati mwamuzi anaangalia saa yake na mimi namwangalia mwamuzi.

"Ni muzuri," akasema. "Hii ni ya Umuhoza. Nilikupa mutoto, haukurudia kunishukuru. Leo nimepokea."

"Na timu, Mama?" Gentil akauliza kwa sauti ndogo.

"Timu iko na benyewe. Fungua."

Akafungua.

Kama unataka matokeo, nitakupa sasa ili tusisumbuane. Tulishinda kwa pointi sita. Fainali tulifungwa Kigali, tena vizuri, nalisema mwenyewe kabla hujaulizia. Koperative ipo, ina muhuri na mwenyekiti, na mwenyekiti ni Mutoni. Mdhamini mkubwa hatuna bado. Anastase anatupakia kwenye lori lake tukienda mechi za mbali, na Gentil ametundika bango la hoteli yake ukutani kama mdhamini mwingine yeyote, dogo, chini. Mwakani sijui tutakuwa wapi, na anayekuambia anajua anakudanganya.

Lakini nataka kukueleza jambo moja la Jumamosi ile.

Robo ya kwanza tulicheza ovyo. Wiki nzima tulitupia kwenye pete ya baiskeli. Wachezaji wangu walikiona kikapu halali kikubwa mno, mipira ikapita juu, ikagonga, ikatoka. Wageni walikuwa mbele. Watazamaji waliketi, kila mmoja juu ya jiwe lake. Anastase alikuwa ameketi upande wa jua, Gentil upande wa kivuli, katikati yao Mama Kankindi na mtungi.

Ndipo mpira ukamfikia Mutoni kwenye kona, mbali, mkono wa mlinzi usoni pake. Akatupa. Uliingia bila kugusa chuma, kama kule sokoni.

Akafungua mdomo kupiga ule ukelele, sauti ikamkatika, na wenzake waliomwona wakashindwa nao. Alikuwa analia, nahodha wangu, anaanza kurudi kulinda huku analia, mdomo wazi na hakuna kinachotoka. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze, pointi tatu zetu zilipita kimya.

Kimya hicho hakikudumu. Mtu mmoja aliinuka upande wa jua, sauti nzito ya mtu wa malori: "Yampaye inka Straton!" Alikuwa Anastase. Kisha Gentil, koti likiwa limemvuka bega: "Yampaye inka Straton!" Kisha wauza sambaza, wavuvi, watu wa Goma, mawe yote ya ukuta ule, kila aliyebeba jiwe lake kichwani siku zile, mji mzima wakimtaja mtu mmoja aliyewapa. Mama Kankindi hakupiga kelele. Aliketi tu kwenye kiti chake cha jikoni, mikono mapajani, anasikia.

Na mimi, mwalimu wa Tanzania, niliyekunywa Fanta, nilijikuta nimesimama juu ya benchi na ubao wangu wa mbinu umeanguka chini. "Yampaye inka Straton!" nilisema, kwa Kinyarwanda changu kibovu, kwa sauti yangu yote.

Wachezaji wangu watano walisimama uwanjani wakanigeukia, midomo wazi. Hakuna aliyerudi nyuma kulinda. Wageni wakatufunga kikapu rahisi kuliko vyote vya siku ile, na sikumgombeza mtu.